Uthibitishaji wa hatua mbili kwenye simu na kompyuta: nianze wapi ili nisijifungie nje?

Kurunzi aliuliza:

Wakuu, naomba mwongozo. Nataka kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zangu muhimu: Gmail, Outlook, WhatsApp na Telegram. Vifaa nilivyonavyo ni simu moja ya Android, laptopu ya Windows 11, na kompyuta ya mezani yenye Windows na Linux kwa pamoja.

Kwanza, meseji au programu ya kutoa namba, ipi bora na kwa nini? Pili, simu ikipotea au ikivunjika naingiaje? Tatu, nimeweka KeePassXC, programu ya kuhifadhi manenosiri, kwenye kompyuta ya mezani ili nayo itoe namba, lakini nikiwa upande wa Windows namba zake zinakataliwa, wakati za simu zinapita bila shida na siri iliyowekwa ni ileile. Na mwisho, kompyuta yenyewe pale inapowaka inaweza kuwekewa hatua ya pili?

Komeo alijibu:

Mkuu, anza na barua pepe kabla ya kugusa kingine chochote. Huko ndiko viungo vya kubadili nenosiri la akaunti nyingine vinakotumwa, kwa hiyo aliyeishika barua pepe yako amezishika karibu zote. Na kwa kuwa unazo mbili, tazama ipi imewekwa kuwa ya kurejeshea nyingine. Ukiifunga Gmail vizuri ukaiacha Outlook na nenosiri peke yake, mwizi ataingilia Outlook.

Kati ya meseji na programu, chagua programu. Meseji inafuata namba, haifuati simu. Tapeli akimlaghai mhudumu wa kampuni ya simu hadi namba yako ikahamishiwa laini yake, meseji zote zinamwendea yeye, na wewe unachoona ni mtandao umekata tu. Isitoshe, meseji huonekana juu ya skrini hata simu ikiwa imefungwa. Programu haihitaji mtandao kabisa. Unapoiskani QR, unanakili siri mama, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na seva inabaki na nakala yake. Tangu hapo kila upande unaichanganya siri hiyo na saa ya wakati huo, na kupata tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30. Kanuni hiyo inaitwa TOTP, ilichapishwa mwaka 2011 kama RFC 6238, waraka wa viwango vya intaneti, na iko wazi kwa wote. Kwa hiyo tovuti ikikuambia utumie Google Authenticator, hulazimiki. Programu yoyote inayofuata TOTP itatoa namba zilezile.

Lakini akaunti isiyokubali kingine zaidi ya meseji, iwashie meseji. Usiiache na nenosiri peke yake eti kwa sababu meseji ina udhaifu.

Kwa Android ningechukua Aegis. Inahifadhi siri zote ndani ya faili lililofungwa kwa nenosiri lako, na inakuruhusu kulitoa faili hilo likiwa bado limefungwa. Ukitaka namba zionekane pia kwenye kompyuta, Ente Auth inasawazisha vifaa vyote kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani hata mwenye huduma hawezi kuzisoma. Google Authenticator nayo inafaa, na tangu Aprili 2023 inaweza kuhifadhi siri kwenye akaunti ya Google, ila hapo angalia jambo moja: kama namba ya kuingilia Gmail iko ndani ya programu inayorejeshwa kwa kuingia Gmail hiyohiyo, umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Gmail ifanyie kazi ukiwa kwenye laptopu na simu iko mkononi. Nenda myaccount.google.com, ingia sehemu ya usalama, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, chagua programu ya kithibitishaji. QR ikitokea, usiiskani haraka. Bonyeza kwanza pale panaposema huwezi kuiskani, ili siri mama ionekane kwa maandishi, uinakili kwenye karatasi. Ina herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 tu, kwa hiyo kinachofanana na sifuri ni herufi O, na kinachofanana na moja ni I au L. Baada ya hapo skani, andika tarakimu 6 zinazoonekana, thibitisha. Usipige picha ya skrini ya ile QR. Picha nyingi za simu hupanda mtandaoni zenyewe, na mwenye picha hiyo anaweza kutoa namba zako miaka yote bila wewe kujua.

Hapohapo chukua namba za akiba. Google inatoa 10, kila moja inatumika mara moja, na ukitengeneza nyingine zile za zamani zinakufa zote. Microsoft wao wanatoa msimbo mmoja wa kurejeshea akaunti wenye herufi na tarakimu 25. Viandike au vichapishe kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Hili ndilo jibu la swali lako la pili: simu ikipotea unaingia kwa namba ya akiba, au unaiandika siri mama kwenye simu mpya na programu inaendelea kama kawaida.

Kisha jaribu kabla hujafunga ukurasa. Acha dirisha ulilomo likiwa wazi, fungua dirisha la faragha, ingia upya kwa nenosiri na namba ya programu. Ikipita, toka, ingia tena kwa namba moja ya akiba na uikate kwenye karatasi. Watu wengi hugundua kuwa karatasi yao ina makosa siku simu imeshapotea.

Nanga alijibu:

Nakubaliana na Komeo, ila kuna kitu lazima kiongezwe. Kuwasha programu hakuondoi meseji. Huduma nyingi huiacha namba ya simu kama njia mbadala, na pale penye maneno ya kujaribu njia nyingine mwizi huchagua meseji. Akaunti ina nguvu sawa na mlango wake dhaifu kuliko yote. Kwa hiyo ukishaweka programu, namba za akiba, na ikiwezekana njia ya tatu, rudi kwenye orodha ya hatua za pili uiondoe namba ya simu. Fanya hivyo mwisho kabisa, baada ya kujaribu zile nyingine. Na kwenye akaunti ya Microsoft usifute taarifa zote za usalama kwa mpigo ukidhani utaweka mpya baadaye: mabadiliko hayo yanaingia kwenye muda wa kusubiri wa siku 30. Ongeza mpya kwanza, ithibitishe, ndipo uondoe ya zamani.

WhatsApp ni tofauti kidogo. Pale namba ya simu ndiyo akaunti, kwa hiyo msimbo wa kujisajili hutumwa kwenye namba hiyo. Unachoweza ni kuongeza PIN ya tarakimu 6: mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Aliyeiba laini yako atapata meseji lakini atakwama kwenye PIN. Weka na barua pepe ya kurejeshea unapoulizwa. Usipoiweka na ukasahau PIN, utasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuibadilisha. Telegram inatumia nenosiri badala ya PIN, liko chini ya faragha na usalama. Huko nako barua pepe ya kurejeshea ni ya lazima kwa mtu makini, maana ukisahau nenosiri ukiwa umetoka kwenye vifaa vyote, kinachobaki ni kuifuta akaunti na kuanza upya.

Halafu laini yenyewe. Mwizi wa simu hahitaji kuifungua simu. Anatoa laini, anaiweka kwenye simu yake, anapokea meseji zako. Weka PIN ya laini kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Ukikosea mara 3 laini inadai PUK, msimbo wa kuifungulia, ambayo ina tarakimu 8, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa moja kwa moja. Hakikisha unaijua PUK kabla ya kuwasha. Pia zima kuonekana kwa maandishi ya meseji kwenye skrini iliyofungwa. PIN hii haizuii utapeli wa kuhamisha namba alioutaja Komeo. Inazuia mwizi aliyeishika laini mkononi, basi.

Na zile arifa za "Je, ni wewe unayejaribu kuingia?" zisikuzoeze kubonyeza ndiyo. Mwenye nenosiri lako anaweza kukutumia arifa 30 usiku wa manane akitarajia utachoka na kukubali. Ndiyo sababu Microsoft Authenticator tangu Mei 2023 inakulazimisha, kwa akaunti za kazi na shule, uandike namba inayoonekana kwenye skrini unakoingilia. Ukipata arifa hujaiomba, kataa, na ubadili nenosiri siku hiyohiyo, kwa sababu arifa yenyewe inaweza kuwa ishara kwamba nenosiri limeshajulikana.

Tarakimu alijibu:

Kuhusu namba kukataliwa: ni saa. Siri ileile ikipita kwenye simu ikakataliwa kwenye kompyuta, karibu kila mara sababu ni hiyo.

TOTP haiangalii saa unayoiona ukutani. Inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, UTC, na kuzigawa kwa 30. Seva nyingi huvumilia dirisha moja mbele au nyuma, kwa hiyo saa yako ikipotoka nusu dakika unaweza kupita, ikipotoka dakika mbili hupiti. Na kwenye kompyuta yenye mifumo miwili kuna chanzo kinachojulikana: Windows huichukulia saa ya ubao mama kuwa ni saa ya mahali ulipo, Linux huichukulia kuwa ni UTC. Kila unapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, saa inaruka kwa masaa kadhaa hadi intaneti iirekebishe, na Windows hairekebishi papo hapo.

Dawa ni kuifanya mifumo yote miwili ikubaliane. Njia nyepesi ni kuiambia Linux ifuate mtindo wa Windows:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Linux yenyewe itakuonya kwamba mpangilio huo una matatizo yake, hasa nchi zinazobadili saa kwa majira. Njia safi zaidi ni kuifanya Windows isome UTC. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

`reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Chagua moja, usifanye zote mbili, maana zikifanyika pamoja saa itaruka upande wa pili. Washa upya, kisha nenda mipangilio ya tarehe na saa ya Windows ubonyeze kusawazisha sasa.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huu. Saa inaonekana sahihi kabisa lakini namba zinakataliwa. Tazama ukanda wa saa. Mtu aliyeurekebisha mshale kwa mkono badala ya kuchagua ukanda sahihi ana saa nzuri ya kutazama na UTC iliyokosea kwa masaa kamili. Na kama kompyuta ya mezani inarudi mwaka wa nyuma kila ikichomolewa umeme, ni betri ya ubao mama imekwisha, ile ya duara ya CR2032. Kwenye simu mambo ni rahisi: mipangilio, tarehe na saa, washa saa ya kiotomatiki pamoja na ukanda wa saa wa kiotomatiki.

Kurunzi aliandika:

Asante sana wakuu. Tarakimu, ni hilo hasa: upande wa Windows saa ilikuwa nyuma masaa matatu. Nimeweka RealTimeIsUniversal, nimesawazisha, namba zinapita.

Mawili yamebaki mbali na lile la kompyuta yenyewe. Kuweka namba hizi ndani ya KeePassXC pamoja na manenosiri ni sawa? Na ufunguo wa USB, kile kifaa kidogo cha kuchomeka unapoingia, una faida gani ambayo programu haina?

Komeo alijibu:

Kwenye KeePassXC mimi nasema usichanganye. Nenosiri na namba vikikaa faili moja, hatua mbili zimekuwa moja: anayelifungua faili hilo amepata vyote. Tengeneza faili la pili, lenye nenosiri lake tofauti, liwe la siri mama tu.

Tarakimu alijibu:

Hapo natofautiana na wewe kidogo, Komeo. Wizi mwingi wa akaunti hutokana na nenosiri lililovuja tovuti moja na kujaribiwa kwingine, na dhidi ya wizi huo namba inalinda vilevile hata kama inakaa karibu na nenosiri. Kwa mtu ambaye bila urahisi huo hatawasha kabisa, faili moja ni bora kuliko kutowasha. Ninachokubali bila ubishi ni barua pepe: namba yake na namba zake za akiba zikae nje ya faili la manenosiri.

Nanga alijibu:

Mkuu Kurunzi, ufunguo wa USB unaziba tundu ambalo namba za tarakimu 6 haziwezi kuliziba. Namba ni kitu unachokiandika kwa mkono, kwa hiyo unaweza kuiandika mahali pasipo penyewe. Tapeli hutengeneza ukurasa unaofanana na wa Google, wewe unaweka nenosiri na namba, mtambo wake unavipeleka kwa Google halisi ndani ya zile sekunde 30, na anaingia yeye. Namba ilikuwa sahihi, programu ilifanya kazi yake, na bado umeibiwa.

Ufunguo wa FIDO2, yaani kiwango ambacho funguo hizi za USB hufuata, haukupi kitu cha kuandika. Seva inatuma swali, kivinjari kinaambatanisha jina la tovuti uliyopo, na ufunguo unatia saini yote kwa pamoja. Tovuti ikiwa na herufi moja tofauti, ufunguo hauna saini ya kuipa. Macho yako yanaweza kudanganyika, ila jina la tovuti kwenye kivinjari halidanganyiki. Kanuni hii upande wa vivinjari inaitwa WebAuthn, na ilikuwa kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2019.

Ukinunua, nunua viwili na uvisajili vyote siku moja, kimoja kikae mbali na wewe. Funguo hizi hazinakiliki, kwa makusudi, kwa hiyo kimoja kikipotea hakuna pa kukirejesha. Angalia tundu kabla hujalipa: laptopu nyingi mpya na simu za Android zinatumia USB-C, kompyuta nyingi za mezani zina USB-A, na wenye NFC, mawasiliano ya karibu bila waya, unaugusisha tu nyuma ya simu. Ufunguo wenyewe huwekewa PIN. Ukikosea mara 8 mfululizo unajifunga, na kuufungua ni kuufuta kila kilichomo.

Usipotaka kununua, simu yako na Windows 11 zote zinaweza kubeba ufunguo wa siri (passkey) unaotumia kanuni hiyohiyo, unaufungua kwa alama ya kidole au PIN ya kifaa. Google na Microsoft wote wanaukubali. Uzuie tu usiwe njia pekee ya kuingia.

Na kuna mahali ambapo hakuna hatua ya pili inayosaidia, si programu wala ufunguo. Ukishaingia, kivinjari kinahifadhi kidakuzi kinachosema mtu huyu ameshathibitishwa. Programu hasidi kwenye kompyuta, hasa zile zinazokuja na programu zilizovunjwa leseni, huiba vidakuzi hivyo, na mwizi anaingia bila kuulizwa nenosiri wala namba. Ukihisi hivyo, chukua kifaa kingine kilicho safi, badili nenosiri, kisha kwenye orodha ya vifaa toa vyote. Kubadili nenosiri ukiwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa ni kumpa mwizi lile jipya.

Tarakimu alijibu:

Namalizia la kompyuta yenyewe. Windows 11 kwa matumizi ya nyumbani haina mahali pa kuandika namba za TOTP wakati wa kuingia. Badala yake ina Windows Hello, na PIN yake ni tofauti na nenosiri: imefungwa kwenye TPM, chipu ya usalama ya kompyuta hiyo, kwa hiyo anayeijua bila kuwa na kompyuta hana kitu. Hizo ni hatua mbili tayari, kitu ulichonacho na kitu unachokijua.

Ila mwizi wa laptopu anaweza kuchomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine, ndiyo maana usimbaji wa diski ni muhimu kuliko skrini ya kuingilia. Angalia kama umewashwa. Ukiwa umewashwa, kuna ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48, na mara nyingi nakala yake huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi leo. Mabadiliko ya BIOS, programu ya awali inayoiwasha kompyuta, yanaweza kuifanya kompyuta iudai, na kama akaunti ya Microsoft inadai namba iliyomo ndani ya kompyuta hiyohiyo, umekwama.

Linux inakubali TOTP, na pa maana zaidi ni kwenye SSH, njia ya kuiendesha kompyuta kwa amri, kama unaingia kutoka mbali. Kwenye Debian na Ubuntu weka kifurushi cha `libpam-google-authenticator`, kisha endesha amri ya `google-authenticator` ukiwa mtumiaji wa kawaida, si root (msimamizi mkuu), kwa sababu siri inaandikwa kwenye folda ya nyumbani ya aliyeiendesha. Itakupa QR na namba 5 za dharura. Ongeza mstari huu kwenye `/etc/pam.d/sshd`, faili la PAM, yaani sehemu ya Linux inayothibitisha wanaoingia:

`auth required pam_google_authenticator.so`

na kwenye `/etc/ssh/sshd_config` hakikisha pana haya:

`UsePAM yes`
`KbdInteractiveAuthentication yes`
`AuthenticationMethods publickey,keyboard-interactive`

Ukitaka iombe ufunguo wa SSH na namba tu bila nenosiri, weka alama ya # mbele ya mstari wa `@include common-auth` kwenye lile faili la PAM. Folda ya nyumbani ikiwa imesimbwa, faili la siri halisomeki kabla hujaingia, na kila namba itakataliwa hata ikiwa sahihi. Hapo lazima siri ihamishiwe nje ya folda hiyo.

Hakiki kwa `sudo sshd -t`. Isiporudisha kosa lolote, washa huduma upya, na dirisha la SSH ulilotumia kufanya mabadiliko liache wazi. Ingia kwa dirisha la pili. Likigoma, unarekebisha kupitia lile la kwanza. Ukiwa umelifunga, itabidi uifuate mashine mahali ilipo na kuunganisha kibodi.